Kujalidi kitabu kwa mikono kama mafundi wa Ulaya ya zama za kati

Mwaka 1104 watawa wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, walifungua jeneza la Mtakatifu Cuthbert wakakuta humo kitabu kidogo cha Injili ya Yohana, kilichoandikwa na kujalidiwa mwanzoni mwa karne ya 8. Kitabu hicho sasa ni mali ya British Library ya London, iliyokinunua mwaka 2012 kwa pauni milioni 9. Jalada lake la ngozi nyekundu iliyovikwa juu ya mbao ni lile lile la kwanza, na kurasa bado zimeshikwa. Linganisha na kitabu cha kawaida cha dukani, ambacho ukikifungua kwa nguvu mgongo unapasuka na kurasa zinaanza kuchomoka moja moja.

Tofauti iko kwenye kinachobeba uzito. Kitabu cha dukani hubebwa na gundi. Fundi wa zama za kati alipitisha uzi katikati ya kila kunjo, yaani fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja, na katika njia tutakayoifuata hapa akauzungushia kamba za mgongoni, kisha kamba zile akazipenyeza ndani ya mbao za jalada na kuzikaza kwa vigingi. Gundi yake ilikuwa na kazi moja kubwa tu, kubandika ngozi ya juu. Hata ngozi ikichanika yote, kitabu hakiachani. Shika jambo hilo tangu mwanzo, maana ndilo linaloeleza kwa nini hatua za hapa chini zinafuatana hivi.

Mila za kujalidi ni nyingi. Ethiopia bado wako mafundi wanaoshona vitabu vya kanisa kwa mshono wa minyororo kwenye mbao tupu bila kamba za mgongoni, na kwetu pwani mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, walisifika kwa kunakili na kujalidi misahafu kwa njia ya Kiislamu. Mwongozo huu unafuata njia ya tatu: ile iliyoshika Ulaya kuanzia karne ya 8 hadi mwisho wa karne ya 15, yenye kamba mbili mbili zinazotuna mgongoni. Nimeichagua kwa sababu ndiyo imara kuliko zote kwa kitabu kizito kinachofunguliwa kila siku, na kwa sababu vifaa vyake vyote vinapatikana kwa seremala, kwa fundi viatu na jikoni.

Tutatengeneza kitabu cha ukubwa wa A5, chenye kurasa 192 za kuandikia.

Vifaa, na namna ya kuvichagua

Karatasi kwanza. Watawa waliandika juu ya ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi iliyokwanguliwa mpaka ikawa nyembamba. Karatasi ilienea Ulaya baadaye, kupitia Hispania na viwanda vya Fabriano, Italia. Sisi tutumie karatasi ya gramu 100 hadi 120. Hapa usikubali kuruka jambo moja: uelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja, na kitabu hufunguka vizuri pale tu nyuzi hizo zinapokwenda sambamba na mgongo. Ikunje kidogo karatasi bila kuikandamiza, mara kwa urefu, mara kwa upana. Upande unaokubali kwa wepesi ndio nyuzi zilikolala. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zilizokwenda kwa urefu, kwa hiyo ukizikunja kupata A5 nyuzi zinakatiza mgongo, na kitabu kitakuwa kigumu, kinachojifunga chenyewe kila ukikiachia. Nunua karatasi za A3 zenye nyuzi za kwenda kwa urefu, kata kila moja katikati, ndipo ukunje. Unahitaji karatasi 24 za A3 kwa ajili ya kurasa, na 2 zaidi kwa ajili ya makunjo ya mwanzo na mwisho.

Uzi uwe wa kitani, wenye unene wa karibu nusu milimita. Usipopata kitani, uzi wa pamba uliosokotwa sana unafaa. Uzi wa nailoni uache, kwa sababu unanyumbuka na baada ya muda unakata karatasi kama kisu. Tafuta na kipande cha nta ya nyuki cha kuupitishia uzi kabla ya kushona.

Kamba za mgongoni zamani zilikuwa vipande vya ngozi nyeupe iliyosindikwa kwa shabu, au kamba za katani-ulaya. Ngozi ya shabu ni adimu, hivyo tumia kamba ya kitani au ya pamba iliyokazwa vizuri, unene wa milimita 3. Kamba ya mkonge ni ngumu mno kwa kitabu cha ukubwa huu. Haijipindi vizuri pale inapoingia kwenye ubao.

Mbao za jalada: Uingereza na Ujerumani walitumia sana mwaloni, kwingine mti unaoitwa *beech*. Mninga, mkangazi au mvule uliokauka vizuri unafaa kabisa. Mwambie seremala akupe kipande ambacho, ukikitazama kwenye ncha, mistari ya pete za mti imesimama wima kutoka uso mmoja hadi mwingine. Ubao wa namna hiyo haupindiki kirahisi. Ule ambao pete zake zimelala kama upinde utajikunja msimu wa mvua na kuubeba mgongo wa kitabu pamoja nao.

Ngozi iwe ya mbuzi, unene wa milimita 1, iliyosindikwa kwa magome ya miti kama muwati au mkandaa. Ngozi nyingi ya viatu inayouzwa imesindikwa kwa kromu na haitakubali kushika umbo la kamba za mgongoni. Ipime hivi: ilowanishe pembeni kwa tone la maji, kisha ikandamize kwa ukucha. Ngozi ya magome itabadilika rangi kuwa nyeusi zaidi na alama ya ukucha itabaki. Ya kromu itarudi ilivyokuwa.

Vifaa vya mkono ni hivi: msharasi mwembamba, sindano butu mbili, kisu kikali cha fundi viatu, rula ya chuma, patasi nyembamba, keekee yenye ncha ya milimita 6, tupa, msasa, na kipande cha mfupa uliosuguliwa mpaka ukawa laini kwa ajili ya kukandamiza mikunjo. Mpini wa kijiko cha mbao unaweza kukaa mahali pa mfupa.

Kukunja na kutoboa

Kila kunjo lina karatasi 4 za A4 zilizokunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine, yaani majani 8, kurasa 16. Hesabu hii si ya kubuni, kwani kunjo la karatasi 4 ndilo lililotumika zaidi katika vitabu vya zama za kati. Kunja karatasi moja moja, kandamiza mkunjo kwa mfupa kutoka katikati kwenda pembeni, ndipo uziingize pamoja. Ukizikunja nne kwa mpigo, ya ndani itasukumwa nje na mkunjo utakuwa na tumbo. Tengeneza makunjo 12, kisha mengine 2 madogo ya karatasi 2 kila moja, yakae mbele na nyuma. Yapange yote yakiwa yamebanwa chini ya matofali au vitabu vizito usiku kucha. Makunjo yaliyolala vizuri ni nusu ya kazi.

Sasa kata kipande cha karatasi ngumu chenye urefu wa milimita 210, ukikunje, na kwenye mkunjo wake weka alama tano kutoka juu: milimita 15, 60, 105, 150 na 195. Alama tatu za katikati ni za kamba, mbili za pembeni ni za mshono wa kuunganisha makunjo. Weka kipimo hicho ndani ya kila kunjo na utoboe kwa msharasi kutoka ndani kwenda nje, ncha ikitokea juu kabisa ya mkunjo. Tobo likitokea pembeni ya mkunjo, hata kwa milimita moja, uzi utaanzia hapo kuchana karatasi. Kabla ya kushona, yasimamishe makunjo yote pamoja na utazame mgongo: matobo yanapaswa kupanga mistari mitano iliyonyooka.

Fremu ya kushonea

Katika hati moja ya karne ya 12 iliyotoka monasteri ya Michelsberg, Bamberg, kuna mchoro unaoonyesha watawa wakiwa katika hatua mbalimbali za kutengeneza kitabu, na mmoja wao yuko mbele ya fremu ya kushonea. Umbo lake ni rahisi: ubao wa chini, nguzo mbili, na kijiti cha juu kinachovuta kamba ziwe wima. Hauhitaji kuinunua. Geuza kigoda miguu juu, funga kijiti imara kati ya miguu miwili ya mbele, na chini ya kijiti hicho, kwenye ukingo wa kikalio, gongomea misumari midogo ya kushikia kamba.

Funga kamba zako mbili mbili, jozi tatu, kila jozi ikae sawasawa na alama za 60, 105 na 150. Kati ya kamba mbili za jozi moja acha mwanya unaopitisha sindano. Zikaze mpaka ukizigusa kwa kidole zitoe mlio.

Mshono

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na ndipo nguvu ya kitabu inapotoka. Kata uzi wa karibu mita moja na nusu, upitishe kwenye nta mara mbili tatu mpaka uteleze mkononi bila kujisokota.

Weka lile kunjo dogo la kwanza juu ya ubao, mgongo wake ukigusa kamba. Mkono wa kushoto ukae ndani ya kunjo, wa kulia nje. Anza upande wa kulia: ingiza sindano kutoka nje kwenye tobo la pembeni, acha mkia wa uzi wa sentimita 10. Ndani, vuta uzi mpaka tobo la kamba ya kwanza na utoke nje, ukipita katikati ya kamba mbili. Zungusha kamba ya kushoto: pita juu yake, zunguka, rudi nyuma yake kati ya kamba na mgongo, ibukia tena kwenye mwanya. Kisha zungusha ya kulia vivyo hivyo, uishie nyuma yake, na uingie ndani kwa tobo lile lile ulilotokea. Ukitazama kwa mbele utaona uzi umechora umbo la namba 8 iliyolala.

Wakati wa kurudi kwenye tobo, sindano butu ndiyo inayokusaidia. Sindano kali itautoboa uzi ambao tayari umo ndani ya tobo, na uzi uliotobolewa hauvutiki tena. Utakaza hatua moja na nyingine yote itabaki imelegea. Usogeze uzi wa zamani pembeni kwa ukucha, ndipo uingize sindano.

Endelea hivyo kwenye jozi ya pili na ya tatu, toka kwenye tobo la pembeni la kushoto, na ulaze kunjo la pili juu ya la kwanza. Ingia kwenye tobo lake la kushoto na ushone kurudi kulia, safari hii ukianza kuzungusha kamba ya kulia kwanza. Ukifika mwisho, funga uzi na ule mkia kwa fundo mbili. Kunjo la tatu linapanda na kwenda kushoto tena. Linapofika mwisho halina mkia wa kufungiwa, basi pitisha sindano chini ya uzi unaounganisha kunjo la kwanza na la pili, itokee nje, ipite ndani ya kitanzi kilichoundwa, kaza taratibu, ndipo upande kunjo la nne. Mshono huo wa mnyororo utaurudia kila mwisho wa mstari mpaka kunjo la mwisho.

Ukitaka kukaza uzi, uvute kwa kufuata uelekeo unaokwenda, sambamba na mkunjo. Mtu akiuvuta kwenda juu au kurudi alikotoka, karatasi inachanika kutoka kwenye tobo kama kitambaa kikuukuu. Kaza kila baada ya tobo moja, wala usingoje mwisho wa mstari. Baada ya kila makunjo mawili, yagonge mgongo kidogo kwa kipande cha mbao ili yakae. Uzi ukiisha, unganisha mpya ndani ya kunjo, fundo likae karibu na tobo, kamwe lisikae nje kwenye kamba.

Mafundi wengi waliongeza mizunguko ya uzi juu ya kamba kati ya kunjo na kunjo, mpaka kamba ikafunikwa yote. Kazi hiyo inachukua muda mara mbili, lakini kwa kitabu kinene inafaa: inaifanya kamba iwe kama upinde unaousukuma mgongo kujikunja vizuri kitabu kinapofunguliwa. Kwa kitabu chetu cha makunjo 14 mzunguko mmoja wa ziada unatosha.

Ukimaliza, kata kamba kwenye fremu na uache sentimita 10 kila upande.

Vitabu vingi vya mwanzo wa zama za kati havikupakwa gundi kabisa mgongoni. Mimi napenda kupaka tabaka moja jembamba la gundi ya unga kati ya kamba, ili makunjo yasiteleze wakati wa kufunga mbao. Usigonge mgongo kwa nyundo kuuvimbisha. Desturi hiyo ilikuja mwishoni mwa kipindi hiki na kwa mshono huu haihitajiki.

Pindo la juu na la chini

Kitabu hushikwa na kuvutwa kwa kichwa chake, na hapo ndipo vingi huanza kuharibika. Kata kamba nyingine ya milimita 3, ilaze juu ya mgongo pale makunjo yanapoishia, na uizungushie uzi wenye nta. Kila unapofika katikati ya kunjo, shuka na sindano ndani ya kunjo hilo, toka mgongoni chini kidogo ya mshono wa mnyororo, na upande tena juu ya kamba. Fanya hivyo kwa kila kunjo, usiruke. Pindo linalobandikwa tu kwa gundi, kama lile la vitabu vya kisasa, ni pambo, hili linashikilia. Ncha zake nazo ziachwe ndefu, zitaingia kwenye mbao.

Mbao na kufunga kamba

Kila ubao uwe na urefu wa milimita 216, upana wa 151 na unene wa 7, nyuzi za mti zikienda sambamba na mgongo. Vipimo hivyo vinaacha milimita 3 za ziada juu, chini na mbele kukinga kurasa. Lainisha kwa msasa, chonga kingo za nje ziwe za mteremko, na ukingo wa ndani unaoelekea mgongoni uuzungushe kwa tupa ili kamba isikatwe na kona kali.

Laza ubao juu ya kitabu na uweke alama pale kila kamba inapoufikia. Kwenye uso wa nje chonga mfereji kwa patasi, upana wa milimita 7 na kina cha 3, kutoka ukingo wa mgongo kuingia ndani. Mfereji wa kwanza na wa tatu uishie milimita 25 kutoka ukingo, wa katikati milimita 35. Mwishoni mwa kila mfereji toboa kwa keekee mpaka upande wa pili. Matobo hayo yakikaa kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mti, ubao utapasuka hapo siku utakapogongomea vigingi, ndiyo maana la katikati linasogezwa. Upande wa ndani chonga mfereji mfupi wa milimita 20 wa kulazia ncha ya kamba. Kwa kamba za pindo chonga mifereji midogo ya mshazari kwenye kona.

Paka ncha za kamba gundi kidogo ili zichongoke, zipitishe kwenye mfereji wa nje, zishuke kwenye tobo, ziibukie ndani. Sasa pima kabla ya kukaza. Simamisha ubao wima kwa nyuzi 90, kisha ufunge. Ubao unapofungwa usiuvute mgongo, na unapofunguliwa usiache pengo kati yake na makunjo. Rekebisha mpaka pande zote mbili ziende sawa. Hatua hii haina njia ya mkato, maana kigingi kikishaingia hakitoki bila kuharibu.

Vigingi vichonge kwa mti mkavu na mgumu, mwembamba mbele na mnene nyuma. Kipige kila kimoja kutoka ndani kwa nyundo ndogo, pembeni ya kamba, mpaka sauti ya nyundo ibadilike kutoka nzito kuwa kavu. Kata kinachozidi, lainisha kwa tupa. Hapo kitabu kimesimama. Ukishike kwa ubao mmoja na ukiache kining'inie. Kila kitu kinabaki mahali pake, na bado hakuna ngozi.

Gundi ya unga na kuvika ngozi

Kikombe kimoja cha unga mweupe wa ngano, vikombe vitano vya maji. Koroga unga na maji kidogo mpaka uwe hauna madonge, ongeza maji yaliyobaki, pika kwa moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha. Itakuwa nzito na yenye kung'aa. Iache ichemke dakika chache zaidi. Wadudu wanaipenda gundi hii, hasa mende, hivyo chemsha maji yako kwanza na punje chache za karafuu na uyachuje. Wajalidi wengi duniani hutumia mafuta ya karafuu kwa kazi hiyo hiyo ya kuzuia kuoza. Gundi hii haikai zaidi ya siku mbili tatu bila friji. Ikinuka chachu, mwaga.

Kata ngozi inayofunika mbao zote na mgongo, pamoja na sentimita 2.5 za ziada kila upande. Igeuze na uchonge kingo zake kwa kisu kikali kilicholazwa karibu usawa wa meza, zipungue mpaka ziwe nyembamba kama karatasi. Kingo nene hujichora chini ya karatasi ya ndani na kuonekana milele.

Lowanisha uso wa nje wa ngozi kwa sponji. Paka gundi upande wa ndani, ikunje gundi kwa gundi, iache dakika kumi, paka tena. Weka kitabu juu yake, ivute ngozi juu ya mgongo kwa viganja, na kwa mfupa ubane ngozi pande zote mbili za kila kamba mpaka umbo lake litokeze. Kunja kingo kuingia ndani ya mbao, kona zikatwe kwa mshazari zikutane bila kupandana. Kisha zungushia kitabu uzi mnene, ukipita kila upande wa kila kamba na kuvuka mbao, ili ngozi ikauke ikiwa imeshikwa. Alama za uzi huo zinaonekana bado kwenye vitabu vingi vya kale.

Angalizo: ngozi ya magome ikiwa imelowa isiguse chuma. Msumari, mkasi au rula iliyowekwa juu yake dakika chache huacha doa jeusi la samawati lisilotoka, kwa sababu chuma kinaungana na dawa ya magome. Tumia shaba, mfupa au mti.

Kausha kivulini siku mbili, kitabu kikiwa kati ya karatasi zinazofyonza maji, na uzibadilishe kila baada ya saa chache siku ya kwanza. Juani ngozi itasinyaa na kuzipinda mbao. Ikikauka, bandika jani la kwanza na la mwisho kwenye sura ya ndani ya mbao, ukikinga majani mengine kwa karatasi ya nailoni. Ukitaka nakshi, lowanisha ngozi tena kidogo na uchore mistari inayokatana kwa ncha ya shaba iliyopashwa moto. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha ngozi iliyobaki. Ikitoa mlio wa kuchemka imezidi joto.

Vifungo

Ngozi ya kuandikia huvimba na kujikunja hewa ikiwa na unyevu, na ndiyo sababu vitabu vya zama za kati vilifungwa kwa mikanda na vishikizo vya shaba, vikabana kurasa kati ya mbao mbili nzito. Karatasi ina tabia hiyo kwa kiasi kidogo, lakini anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja atafaidika na vifungo. Kata mikanda miwili ya ngozi yenye upana wa milimita 12, igongomee kwenye ukingo wa mbele wa ubao mmoja kwa misumari ya shaba, na kwenye ubao wa pili weka kijiti cha shaba kinachoingia kwenye tundu la mkanda. Uingereza na Ufaransa mkanda ulitoka ubao wa mbele ukafungwa nyuma; Ujerumani na Uholanzi ulitoka nyuma ukaja mbele. Chagua unachopenda. Pima urefu kitabu kikiwa kimebanwa kwa kiganja, kwa sababu mkanda uliopimwa kitabu kikiwa kimelala huru utakuwa mrefu mno.

Kitabu kipya usikifungue katikati mara ya kwanza. Kisimamishe kwa mgongo juu ya meza, laza ubao mmoja, kisha wa pili. Shika majani yaliyobaki wima na uyalaze machache kushoto, machache kulia, ukipitisha kidole karibu na mkunjo kila mara, mpaka ufike katikati. Rudia siku ya pili, ndipo uanze kuandika.